Kunakili ni ibada? Jibu kwa fundi wa flashi wa Kondele

Swali: "Mama wakili, salamu kutoka Kisumu. Nina kibanda Kondele, natengeneza simu na kujazia watu nyimbo na muvi kwenye flashi na memori kadi. Flashi nzima ni shilingi 50, nyimbo za injili peke yake ni 20. Wateja wangu wengi ni watu wa kanisa letu. Jumapili moja mchungaji alisema madhabahuni kwamba anayeuza nyimbo asizoimba ni mwizi kama mwizi wa kuku. Iliniuma, maana hata wanakwaya huja kwangu niwajazie. Rafiki yangu akaniambia kwamba Uswidi kuna dini iliyosajiliwa na serikali, inayofundisha kuwa kunakili ni ibada. Ni kweli? Naweza kuisajili hapa Kenya nikalindwa na Katiba? Na kama nimekosa, hizo nilizokwisha kuuza nifanyeje? Mke wangu anasema nitoe sadaka."

Ndugu yangu, rafiki yako hakukudanganya. Dini hiyo inaitwa Kopimism, jina lililofinyangwa kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana ya "nitoe nakala". Aliyeianzisha mwaka 2010 ni Isak Gerson, kijana aliyekuwa akisomea falsafa. Wafuasi wake wanaamini kwamba habari ni kitu kitakatifu, kwamba thamani yake huongezeka kila inaponakiliwa, na kwamba kumzuia mtu asinakili ni dhuluma. Alama zao ni vile vitufe vya kunakili na kubandika unavyobonyeza wewe kutwa nzima hapo kibandani, CTRL+C na CTRL+V. Ofisi ya serikali inayosajili jumuiya za kidini, Kammarkollegiet, iliwakatalia mara mbili. Sheria ya huko haichunguzi kama unayemwabudu yupo au hayupo. Inachotaka kuona ni ibada, na ofisi iliona hawa hawana sala wala tafakuri yenye utaratibu. Wakaketi, wakauandika utaratibu wao, wakarudi mara ya tatu, na mwishoni mwa 2011 wakasajiliwa. Ulimwengu ulipata habari Januari 2012, na Aprili mwaka huohuo wakafungisha ndoa yao ya kwanza mjini Belgrade, bibi harusi akiwa Mromania na bwana harusi Mwitaliano.

Huwa sipendi watu wanapolicheka jambo hili, na wengi hulicheka. Vijana hao walitoka katika ugomvi wa kweli. Uswidi ndiko The Pirate Bay, tovuti ya watu kupeana nakala za muziki na filamu, ilikozaliwa mwaka 2003, na tarehe 17 Aprili 2009 mahakama ya Stockholm iliwahukumu watu wanne waliohusika nayo kifungo cha mwaka mmoja kila mmoja, na fidia ya kronor, pesa ya Uswidi, milioni 30 kwa pamoja. Rufaa ya watatu kati yao ilipoamuliwa, Novemba 2010, vifungo vyao vikapunguzwa lakini fidia ikapanda hadi kronor milioni 46. Kwa waliokulia mbele ya kompyuta, hukumu ile ilikuwa kama serikali imeharamisha kitu wanachokiishi kila siku. Wengine walipeleka hasira yao kwenye siasa. Gerson na wenzake waliipeleka kwenye imani.

Usajili ule uliwapa nafasi kwenye rejista, basi. Sheria ya hakimiliki ya Uswidi haikubadilika hata nukta. Mfuasi wa Kopimism akinaswa leo akisambaza filamu ya mtu, hakimu hatamuuliza anasali wapi. Sehemu hiyo rafiki yako ameiruka.

Sasa tuje nyumbani. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, imani na maoni, na uhuru wa kuidhihirisha imani yake kwa ibada, mafundisho na matendo. Mahakama zetu hazichezi na kifungu hiki. Septemba 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitamka kwamba Urastafari ni dini kama dini nyingine, ikamlinda msichana aliyekuwa amezuiwa shuleni kwa sababu ya nywele zake. Ukitaka kuamini kwamba kunakili ni kutakatifu, hakuna askari wa kukugusa.

Kusajili ni jambo jingine. Utahitaji watu kumi au zaidi, katiba ya kikundi, viongozi, na Msajili wa Vyama ana wajibu wa kukataa kikundi chenye lengo lililo kinyume cha sheria. Nyinyi watu wa magharibi mnajua kwamba serikali imewahi kukaza mkono kuliko hapo. Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde kule Bungoma ilipigwa marufuku na mkoloni mwaka 1948, ikaruhusiwa baada ya uhuru mwaka 1964, ikapigwa marufuku tena 1968. Naikumbuka historia hiyo kila ninapomsikia mtu akisema serikali iamue dini gani ni ya kweli. Sitaki Msajili awe na uwezo huo juu yako, wala juu ya Mkopimisti yeyote.

Tuseme basi umesajiliwa. Hapo utakutana na vifungu vingine. Kifungu cha 40 kinaitaka serikali ilinde haki za ubunifu wa watu wa Kenya, na Kifungu cha 24 kinaruhusu haki kuwekewa mipaka ili mmoja asifurahie yake kwa kuumiza ya mwenzake. Nywele za yule msichana hazikumpunguzia mtu chochote. Flashi yako inamgusa mtu mwingine. Nikiwa wakili wako nitasimama kukutetea, lakini siwezi kukuahidi ushindi nisioutarajia.

Mchungaji wako naye nina neno kwake. Dhamiri yake iko sawa, jina alilotumia ndilo lenye kasoro. Wizi, kwa Kanuni ya Adhabu, ni kuchukua kitu cha mtu, kwa kawaida kwa nia ya kumwondolea moja kwa moja. Kuku akiibwa, banda linabaki tupu. Wimbo ukinakiliwa, mwimbaji bado anao. Ndiyo maana sheria imeutenga huu kama kosa lake lenyewe, ukiukaji wa hakimiliki, chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001 iliyorekebishwa 2019. Nasisitiza tofauti hii kwa sababu mtu akiitwa mwizi wa kuku ilhali anaona kuku bado yuko bandani, huacha kusikiliza, na nadhani ndivyo ilivyokutokea.

Na katika tofauti hiyo ndimo hoja ya Wakopimisti ilipo na nguvu. Nililelewa Vihiga wakati kiberiti kilikuwa kitu cha kuhesabiwa. Jioni mama alikuwa akinituma kwa jirani na kishada cha nyasi kavu nikaombe moto. Jirani alinipa, na moto wake haukupungua. Aliyenyima moto alisemwa kijiji kizima. Mkopimisti anasema wimbo ni moto huo, filamu ni moto huo, na anayekunyima amevunja ujirani. Nimewasikiliza watu wengi wakiijibu hoja hii kwa matusi, na matusi hayajawahi kuijibu.

Tena hoja hiyo ina mizizi ndani ya dini kongwe kuliko kompyuta. Kuna gombo la Kichina la mafundisho ya Buddha, Sutra ya Almasi, lililochapwa kwa vibao vya mbao tarehe 11 Mei 868. Ndicho kitabu kikongwe zaidi cha kuchapwa kilichobaki chenye tarehe yake. Mwishoni mwake imeandikwa kwamba mtu aitwaye Wang Jie alikitengeneza kwa niaba ya wazazi wake wawili, kigawiwe bure kwa watu wote. Kwake yeye, kutoa nakala na kuigawa ilikuwa ibada hasa. Waislamu wana hadithi inayomwonya vikali mtu anayeulizwa elimu akaificha. Na Yesu aliwaambia wanafunzi wake, "mmepata bure, toeni bure." Najua mstari huo umewahi kuutumia, kwa sababu kila kijana wa flashi aliyekuja ofisini kwangu hapa Nakuru ameutumia.

Endelea kusoma sura hiyohiyo, Mathayo 10. Mistari miwili tu mbele, Yesu huyohuyo anasema mtenda kazi anastahili posho lake. Paulo akimwandikia Timotheo anairudia kwa kuiunganisha na sheria ya Musa ya kutomfunga ng'ombe kinywa apurapo nafaka. Mambo haya mawili yamekaa pamoja tangu mwanzo, neno litolewe bure, na aliyelifanyia kazi ale. Wanazuoni wa Kiislamu nao walilipima. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Kuwait mwaka 1988, liliamua kwamba haki za mtunzi na mvumbuzi zina thamani ya mali, zinalindwa na sharia, na haifai kuzivunja. Ukimwuliza sheikh hapo Kisumu anaweza kukueleza vizuri kuliko mimi.

Kuna masimulizi moja ya Ayalandi ninayoyapenda, na nadhani mzee yeyote wa kwetu angeyaelewa upesi kuliko wanafunzi wa sheria. Ni ya karne ya 6. Mtawa Columba aliazimwa kitabu cha Zaburi na mwalimu wake Finnian, akakinakili usiku kwa siri. Finnian alipogundua, akaidai nakala. Columba akasema kitabu chako ninacho kukurudishia, hakikupungua neno. Kesi ikafika kwa Mfalme Diarmait, naye akaamua kwamba kila ng'ombe ana ndama wake, na kila kitabu kina nakala yake. Nakala iende kwa mwenye kitabu. Columba hakuridhika. Masimulizi yanaihusisha hukumu hiyo na vita vya mwaka 561 vilivyoua watu wengi, kabla Columba hajaondoka kwenda kisiwa cha Iona. Watu wa Mungu, wawili, waligombana juu ya nakala ya Zaburi.

Kwetu ng'ombe huwekeshwa kwa rafiki. Rafiki anamchunga, anakunywa maziwa, anapata mbolea ya shamba. Ng'ombe akizaa, ndama ni wa mwenyewe. Na mlezi akiwa mwaminifu, ndama wakawa wengi, mwenyewe humpa mmoja kwa ahsante, na huyo ni wake kabisa, hakuna wa kumuuliza. Shika hapo kwenye ndama wa ahsante, nitarudi.

Kwanza nikuambie lililonisumbua zaidi katika barua yako. Ni zile shilingi 20. Moyo wa fundisho la Kopimism ni kugawa. Anayeamini hivyo anatoa nakala kama jirani yetu alivyotoa moto, na hangoji malipo mlangoni. Wewe umeweka bei. Ukienda kwao ukawaambia unatafuta hifadhi ya imani yao, swali lao la kwanza litakuwa kwa nini moto unauzwa. Hiyo imani unayotaka kuingia chini ya mwavuli wake haina nafasi ya kibanda chako, na ungeivaa kwa ajili ya biashara peke yake. Afadhali mwizi wa kuku wa mchungaji kuliko mtu anayevaa dini ya watu wengine kama koti la mvua. Nakuambia kwa ukali kwa sababu barua yako ni ya mtu mwenye dhamiri, asiye na dhamiri asingeuliza habari ya zilizokwisha kuuzwa.

Nami siko nje ya jambo hili. Katikati ya miaka ya 1990 nilikuwa sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa letu. Tulikuwa watu 22. Tulichanga, tukauza kuku na magunia ya mahindi, tukakopa, tukapanda basi la usiku kwenda Nairobi kurekodi kanda moja. Mwezi haukuisha, duka moja la mjini likawa linauza kanda yetu, jalada limetolewa fotokopi hadi nyuso zetu zimekuwa madoa meusi. Tulifika kwenye matanga ya jirani tukakuta sauti zetu kwenye spika, watu wanalia kwa nyimbo zetu, na furaha tuliyoipata pale ilikuwa ya kweli, sitaikana. Lakini kanda zetu wenyewe zilibaki kwenye katoni. Mwalimu wetu wa kwaya aliuza mtamba wake ili deni la studio liishe. Hatukurekodi tena. Ninapofungua faili la hakimiliki mezani, huwa nauona mtamba huo.

Basi tuchambue kibanda chako, kitu kwa kitu.

Muvi za nje na vipindi unavyopakua, acha. Najua ndizo zinazoleta wateja wa jioni. Ukitumia torenti jua jinsi zinavyofanya kazi. Mfumo wa BitTorrent, uliobuniwa na Bram Cohen mwaka 2001, huikata faili vipande vidogo, na kompyuta yako inapopokea kipande kimoja inampelekea mwingine kilekile. Kwa hiyo huwezi kusema umepakua tu, umesambaza pia, hata kama ulikuwa umelala. Sheria yetu inaacha nafasi ya matumizi ya haki kwa mambo kama utafiti wa kisayansi, matumizi ya binafsi, uhakiki na taarifa za habari. Kumjazia mteja kwa malipo hakumo humo. Wakaguzi wa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, wana mamlaka ya kuingia dukani na kuchukua mitambo, na kompyuta ikichukuliwa, hata kazi yako halali ya simu imesimama.

Nyimbo za kanisani zinahitaji uangalifu zaidi. Kwa sheria ya Kenya hakimiliki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Tenzi nyingi tunazoimba zilitungwa na watu waliokufa zamani mno, kwa hiyo utenzi wenyewe ni mali ya wote. Kwaya yako inaweza kuuimba na kuurekodi bila kumlipa mtu. Tafsiri ya Kiswahili, hata hivyo, ina mtunzi wake na miaka yake. Na rekodi ni kitu kingine tena; kwaya ikiuimba utenzi wa miaka 150 studio mwaka jana, rekodi hiyo inalindwa miaka 50. Wengi hukosea hapo, wakiwemo wachungaji. Wimbo unaweza kuwa huru na sauti iliyouimba isiwe huru.

Kuna pia kazi ambazo wenyewe wamezitoa kwa leseni huria, kama zile za Creative Commons zilizoanza mwaka 2002. Hizo soma masharti yake. Nyingine zinaruhusu hata kuuza, nyingine zinaruhusu kugawa bure tu. Mahubiri, mafunzo ya Biblia na muziki wa namna hiyo upo tele. Ndugu zetu wasioona nao wamefunguliwa mlango na marekebisho ya 2019, vitabu viweze kutolewa kwa namna wanayoweza kuisoma, kwa masharti yaliyowekwa. Ukiwa na ufundi wa kompyuta, kanisa lenu lina kazi hapo ambayo hakuna anayeifanya.

Sasa ndama wa ahsante. Nenda kwa kwaya yenu, na kwaya za jirani, uwaambie una kibanda mahali watu wanapopita, na uko tayari kuuza rekodi zao kwa flashi kwa makubaliano ya maandishi. Karatasi moja inatosha: nyimbo zipi, bei gani, kwaya inachukua kiasi gani kwa kila flashi, wewe unabaki na kiasi gani, mtahesabiana siku gani ya mwezi, na nani anaweza kuvunja mkataba. Wekeni sahihi mbele ya shahidi. Hakikisha anayetia sahihi ana ruhusa ya wanakwaya, kwa sababu nimeona mwenyekiti akiuza kilicho cha wote. Kama wimbo umetungwa na mmoja wao, mtunzi naye atie sahihi. Shilingi 20 zako zikiwa kwenye karatasi hiyo, hata mchungaji hatakuwa na la kusema.

Kuhusu sadaka, samahani kwa mkeo, sikubaliani naye. Pesa hizo si zako hata uzitoe sadaka. Zina wenyewe, nao unawafahamu kwa sura. Zakayo alipotubu hakusema atapeleka hekaluni. Alisema atawarudishia aliowanyang'anya, mara nne. Sikuambii mara nne, wala huwezi kumfikia kila mwimbaji uliyewahi kujaza kwenye flashi. Anza na kwaya yenu. Kadiria kwa uaminifu umeuza nyimbo zao mara ngapi, nenda kwa mwalimu wa kwaya siku ya mazoezi, umwambie hesabu, umpe unachoweza, na kilichobaki mpange mtakilipa vipi. Pengine watakusamehe chote. Pengine watakukasirikia kwanza.

Yule mwenye duka hakuwahi kuja kwetu. Miaka mingi baadaye, mwalimu wetu wa kwaya alipofariki, tulikuta katoni mbili za kanda chini ya kitanda chake, bado zimo ndani ya karatasi zake za nailoni. Angekuja mtu huyo siku moja ya mazoezi, hata na nauli tu mfukoni, najua mwalimu angemwekea kiti na kuwaambia akina mama wachemshe chai.